Mazrui: Jina la Mizinga na Kalamu

Jina la Mazrui si geni kwa mtu wa Mwambao. Mazaria walitawala Mombasa karibu miaka mia, hadi Sayyid Said alipoitwaa Ngome mwaka 1837. Utawala ulikwisha, jina likabaki.

Aliyelirudishia nguvu ni marehemu Sheikh al-Amin bin Ali, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1891. Alifiwa na baba yake angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali; kisha akasoma kwa masheikh wa Unguja.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Humo aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya dini na ya dunia, wala wasiwaige wageni ovyo. Maneno hayo hayakuwapendeza wote, lakini hakunyamaza. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki mwaka 1947.

Aliandika kwa Kiarabu tarehe ya Mazaria wenyewe. Baada yake kalamu ilishikwa na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933-2014). Mwenyezi Mungu awarehemu.