Alice Hamilton, daktari aliyefuata sumu ya risasi hadi viwandani

Umehamia keja kuukuu, rangi ya ukuta inabambuka, na fundi yuko tayari na msasa. Mwambie angoje kidogo. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Alice Hamilton alilijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa New York mwaka wa 1869, akalelewa Fort Wayne, Indiana. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1893, enzi ambapo madaktari wa kike walikuwa wa kuhesabika. Mwaka wa 1897 alihamia Hull House, kituo cha kijamii katika mtaa wa wahamiaji maskini jijini Chicago. Majirani zake walikuwa vibarua, na wengi waliugua kwa sababu ya kazi zao.

Mwaka wa 1910, jimbo la Illinois lilimpa kazi ya kuchunguza magonjwa ya viwandani. Hakukaa ofisini. Aliingia viwanda vya rangi, akapekua rekodi za hospitali, akabisha hodi kwa wagonjwa. Waajiri walidai vibarua ni wachafu tu, hawanawi mikono. Alice akaonyesha kwamba hatari kubwa ilikuwa vumbi na moshi waliovuta kila siku. Mwaka uliofuata, Illinois ikapitisha sheria ya kuwakinga.

Mwaka wa 1919 Harvard ilimwajiri, mwalimu wake wa kwanza wa kike, lakini ikamzuia kuandamana na wenzake siku ya mahafali. Hakunyamaza. Mwaka wa 1925 alipinga petroli yenye risasi. Hakusikizwa, na hapa Kenya petroli hiyo iliuzwa hadi miaka ya 2000.

Alifariki mwaka wa 1970 akiwa na miaka 101. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka wa 1978, miaka minane baadaye.

Sasa rudi kwa ile keja. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na mtoto huweka kila kitu mdomoni. Kwa hivyo usipige msasa ukuta mkavu, wala usichome rangi kwa moto. Lowesha kwanza, ndipo ukwangue. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi kazi iishe. Sakafu na madirisha yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Nawisha watoto mikono kabla ya kula. Ukishuku mtoto amelamba rangi hiyo, mpeleke hospitalini apimwe damu. Mara nyingi dalili hazionekani mapema.

Na mwenye nyumba akikwambia hilo ni vumbi tu, kumbuka wale waajiri wa Illinois nao walisema shida ni mikono michafu.