Ray Schalk, mdakaji aliyeona mchezo ukiuzwa

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa lakini makazi yangu ni Soweto East, Kibera, na huku nimekuwa kipa wa timu ya mtaa kwa miaka mingi. Kipa anauona uwanja wote mbele yake. Beki akilegeza mguu makusudi, wewe unajua kabla ya mashabiki. Ndiyo maana maisha ya Ray Schalk yananigusa, ingawa mchezo wake ulikuwa besiboli, ambao kwetu wachache wanaufuatilia.

Schalk alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1892. Alikuwa mfupi, na wengi hawakudhani angefaa kuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akimpa mrushaji ishara za vidole na kupokea mipira ya kasi mechi nzima. Alijiunga na Chicago White Sox 1912, akakaa nao hadi 1928. Msimu wa 1920 timu ilicheza mechi 154. Yeye alidaka 151. Jamani, vidole ni vya nyama hivyo! Tena mpira ukipigwa hakubaki pale pale. Alitimka hadi kituo cha kwanza kumlinda mwenzake kwa nyuma, asije akaukosa.

Sasa njoo 1919. White Sox waliingia fainali na Cincinnati wakipewa nafasi kubwa, wakashindwa mechi 5 kwa 3. Baadaye ikajulikana kwamba kulikuwa na pesa za wacheza kamari, na kati ya waliohusishwa walikuwa warushaji wawili, Eddie Cicotte na Lefty Williams. Mdakaji anaomba mpira wa namna hii, mrushaji anatupa mwingine. Nani angeliona hilo mapema kuliko Schalk? Yeye hakuwamo katika njama. Alicheza kwa bidii, hata kwa gongo, ambalo halikuwa nguvu yake, akapiga vizuri kuliko kawaida. Mwaka 1921 mahakama haikuwatia wenzake hatiani, lakini wachezaji 8 walifungiwa maisha.

Schalk aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli 1955, akafariki 1970. Habari za 1919 hakupenda kabisa kuzizungumzia. Wapo wanaomsifu kwa kutunza siri za chumba cha wachezaji. Mimi nasitasita. Kuna mechi moja ya mtaa ambayo beki wetu aliwaachia njia, nikaona, nikanyamaza. Hadi leo tunakutana kwenye kibanda cha chai, tunasalimiana vizuri tu.