Berkeley: Kasisi aliyeipa jina kutu ya kahawa

MKULIMA wa kahawa katika viunga vya Ruiru na Thika akigeuza jani la mbuni na kuona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, hutambua mara moja kwamba kutu imeingia shambani. Aliyeiingiza kuvu hiyo katika daftari la sayansi, mwaka wa 1869, alikuwa kasisi wa kijijini Uingereza, Miles Joseph Berkeley.

Berkeley alizaliwa Aprili 1, 1803, katika jimbo la Northamptonshire. Baada ya masomo yake katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliingia katika utumishi wa Kanisa la Kianglikana, akaishi kwa pato dogo huku akilea familia kubwa. Muda uliosalia baada ya ibada aliutumia mbele ya hadubini. Hata kuvu zilizokusanywa na Charles Darwin katika safari yake ya kuzunguka dunia zilipitia mikononi mwake. Katika uhai wake alieleza spishi zipatazo 6,000.

Jina lake lilivuma baada ya ugonjwa wa viazi kuzuka Ulaya mwaka wa 1845 na kuleta njaa kuu Ireland. Wataalamu wengi walishikilia kwamba ukungu ulioonekana kwenye majani ulikuwa tokeo tu la kuoza, na kwamba wa kulaumiwa ni hali ya hewa. Mnamo 1846 Berkeley alisema kinyume: ukungu wenyewe ndio uliokuwa chanzo. Alipingwa, hadi majaribio ya Mjerumani Anton de Bary yalipoondoa shaka katika miaka ya 1860.

Kwa jicho hilohilo aliyachunguza majani ya kahawa yaliyotumwa kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Yeye na mwenzake Broome waliona kwamba vijimbegu vya kuvu hiyo vilikuwa laini upande mmoja na vya kukwaruza upande wa pili. Hapakuwa na jenasi iliyoifaa. Wakaiundia mpya, wakaiita Hemileia vastatrix: nusu laini, tena mharibifu.

Jina halikuiokoa Ceylon, ambayo iliacha kahawa ikageukia chai. Hata hivyo, adui alikuwa amekwisha kujulikana. Kutu iliporipotiwa Kenya mwaka wa 1912, haikuwa kitendawili tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti nchini walionyesha kwamba matone ya mvua husambaza vijimbegu vyake, navyo havichipui pasipo maji juu ya jani. Ndiyo sababu dawa za kopa hunyunyiziwa kwa kufuata misimu ya mvua. Mwaka wa 1985 kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili kutu pamoja na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi.

Berkeley alifariki Julai 30, 1889, akiwa amekwisha kuikabidhi bustani ya Kew, London, mkusanyo wake wa kuvu. Vita vyenyewe havijaisha. Kutu huzaa nasaba mpya zinazoweza kushambulia mibuni iliyodhaniwa kuwa salama, na kila inapozuka nasaba moja, mtafiti hurudi kwenye hadubini kuitambua kwanza, kama alivyofanya kasisi yule.