Nikola Tesla: Aliunda meli ya kivita ya rimoti akiamini vita vitakwisha

Ukitaja Tesla leo, wengi wanafikiria gari la umeme. Lakini mwenye jina hilo hakuliona gari hilo hata siku moja. Alifariki mwaka 1943, miaka 60 kabla ya kampuni ya magari kuanzishwa na kupewa jina lake.

Nikola Tesla alikuwa mhandisi wa umeme. Kati ya kazi zake nyingi, ipo moja ambayo kijana wa Kamunyonge, Musoma, anayechonga boti ya kuchezea na kuishusha Ziwa Victoria ataielewa haraka sana. Ni boti ndogo ya chuma, isiyo na mtu ndani wala waya wa kuivuta, inayokwenda na kugeuka kwa amri ya mtu aliyesimama pembeni.

Aliiunda mwaka 1898, na hakuiunda kwa ajili ya mchezo. Aliamini kifaa hicho kingefanya mataifa yaogope kupigana.

Mtoto wa kasisi

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, wakati huo kikiwa ndani ya Dola ya Austria, leo ni Croatia. Familia yake ilikuwa ya Waserbia. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox na alitaka mwanawe afuate njia hiyohiyo. Mama yake hakusoma shule, ila alikuwa fundi wa kujitengenezea vifaa vya nyumbani. Tesla alisema kipaji chake kilitoka kwa mama.

Mwaka 1873 aliugua kipindupindu, nusura afe. Akiwa kitandani alimwomba baba amruhusu kusomea uhandisi akipona. Mzee akakubali. Alipona, akaenda kusoma Graz, Austria, lakini hakumaliza wala kupata shahada.

Alifanya kazi ya simu Budapest, kisha kampuni ya Edison huko Paris. Mwaka 1884 akavuka bahari hadi New York akiwa na pesa kiduchu mfukoni.

Kutoka kuchimba mitaro hadi umaarufu

Alifanya kazi kwa Thomas Edison kwa miezi michache tu, wakaachana. Akaanzisha biashara yake, wenzake wakamtosa. Mhandisi huyu akajikuta anachimba mitaro ili apate hela ya kula.

Mambo yakabadilika mwaka 1888. Mfanyabiashara George Westinghouse alinunua hataza zake, yaani hati za serikali zinazomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo. Zilihusu mota na mitambo ya mkondo geu, umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Ndio huohuo unaofika kwenye soketi za nyumbani Musoma leo. Ubora wake ni kwamba unasafirishwa mbali bila kupotea sana njiani.

Tesla akawa maarufu. Lakini Machi 1895 maabara yake ya New York iliteketea kwa moto, vifaa na kumbukumbu za miaka mingi vikaungua. Akahamia maabara nyingine na kuanza upya. Humo ndimo boti ilipozaliwa.

Ilifanyaje kazi?

Boti hiyo ilikuwa na urefu wa takriban futi 4. Ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo mpaka leo mtu anayeunda meli ya mfano anavihitaji: betri, mota ya kuzungusha propela, mota nyingine ya kugeuza usukani, na kipokezi cha mawimbi ya redio. Juu kulikuwa na antena na taa ndogo.

Shida ilikuwa kipokezi. Wakati ule hakukuwa na transista wala chipu. Tesla alitumia kichupa chenye chenga za chuma. Wimbi la redio likifika, chenga zinashikana na umeme unapita. Tatizo ni kwamba zikishashikana haziachiani zenyewe. Kwa hiyo kila baada ya ishara, mtambo mdogo ulikigeuza kichupa juu chini ili chenga zilegee, zisubiri amri inayofuata.

Amri zenyewe zilikwenda kwa zamu. Kila ishara ilisogeza gurudumu hatua moja: usukani ugeuke upande huu, usimame, ugeuke upande wa pili, usimame. Leo rimoti ya dukani ina vijiti viwili na kila kimoja kina kazi yake. Tesla alikuwa na ishara ya aina moja tu, na ilimtosha.

Pia aliona mapema hatari ya adui kuingilia mawimbi. Hataza zake nyingine zilizotolewa mwaka 1903 zilieleza kifaa kinachoitikia pale tu kinapopata mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, kama mlango wenye kufuli mbili.

Watu walidhani ni uchawi

Mwaka huo wa 1898 Marekani ilikuwa vitani na Hispania, na meli za kivita ndizo zilikuwa gumzo la mji. Tesla aliionyesha boti yake Madison Square Garden, New York, kwenye bwawa lililojengwa ndani ya ukumbi.

Watazamaji walichanganyikiwa. Redio za nyumbani zilikuwa bado hazipo. Wengine walisema ni uchawi, wengine walidhani anaiongoza kwa mawazo, na wapo waliodai kuna nyani aliyefundishwa amefichwa ndani. Tesla naye akawazidishia. Aliwaambia waiulize boti maswali ya hesabu, kisha yeye akawashawasha taa zake kwa siri kutoa jibu.

Hataza ya boti hiyo, namba 613,809, ilitolewa Novemba 8, 1898. Kwa maelezo ya Tesla, mkaguzi wa hataza alikuja kwanza kuishuhudia kwa macho, maana hakuamini.

Wazo lililogoma

Ndani ya hataza hiyo Tesla aliandika jambo lisilo la kawaida kwa hati ya kiufundi. Alieleza kwamba thamani kubwa ya uvumbuzi wake itakuwa vitani. Silaha isiyo na mtu na isiyokwepeka ingeogopesha kiasi kwamba mataifa yangelazimika kukaa kwa amani.

Aliipeleka serikalini Washington. Alisimulia baadaye kwamba ofisa aliyemsikiliza aliangua kicheko. Jeshi la majini halikuichukua, na muda wa hataza ukaisha mwaka 1915.

Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefika hadi Ziwa Victoria. Novemba 1914 meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba na kukwama Majita, eneo ambalo leo ni Musoma Vijijini, na ikanasuliwa Mei 1915. Kwenye ziwa hili, kama kwingine, kila meli ilikuwa bado na watu ndani yake wa kufa nayo. Hicho ndicho Tesla alitaka kukiondoa.

Lakini boti zisizo na watu zilipofika, hazikuleta amani. Oktoba 1917 boti ya Wajerumani iliyojaa baruti, ikiongozwa kutoka mbali kwa waya, iliigonga meli ya kivita ya Uingereza, Erebus, karibu na pwani ya Ubelgiji. Vita viliendelea mwaka mzima baada ya hapo.

Mwisho wa upweke

Maisha ya Tesla yalianza kuporomoka mapema. Tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000 za kujenga mnara wa mawasiliano huko Wardenclyffe, karibu na New York. Hela ikaisha, Morgan akakataa kuongeza. Mnara ukabomolewa mwaka 1917.

Tesla hakuoa wala kupata mtoto. Aliishi hotelini, akihama kutoka moja hadi nyingine na kuacha madeni, huku akilisha njiwa wa mjini. Alifariki Januari 7, 1943 katika hoteli ya New Yorker, chumba namba 3327, akiwa na miaka 86 na hana mali ya kutajika.

Miezi 8 baadaye, Septemba 9, 1943, ndege ya Wajerumani iliangusha bomu linaloongozwa kwa redio juu ya meli kubwa ya kivita ya Italia, Roma. Askari ndani ya ndege alilielekeza kwa kijiti cha mkononi, kama mtu anavyoongoza boti ya rimoti. Roma ilizama na zaidi ya watu 1,200 walikufa. Mashine ilifanya kazi kama Tesla alivyosema. Binadamu ndio hawakufanya kama alivyotarajia.

Mstari uliosahaulika

Hata hivyo hataza ileile ilitaja kazi nyingine, tena kabla ya ile ya vita. Tesla aliandika kuwa chombo kisicho na mtu kinaweza kubeba barua, vifurushi, chakula na vifaa, na kufika mahali pasipofikika kirahisi.

Sehemu hiyo haikuzungumzwa sana. Lakini mwaka 2018, miaka 120 baadaye, Ziwa Victoria lilikuwa moja ya mahali ilipojaribiwa. Katika mradi wa Wajerumani, ndege isiyo na rubani ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Umbali wa kilomita 60 juu ya maji uliishia wastani wa dakika 40.

Anayekwenda Ukerewe kwa barabara kutoka Mwanza anazunguka kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha anapanda kivuko. Safari hiyo inakula saa kadhaa, na mgonjwa anayesubiri dawa upande wa pili anazihesabu moja moja.