Hukwe Zawose: mchunga ng'ombe wa Nzali aliyeibeba sauti ya Ugogo

Hukwe Ubi Zawose alifariki dunia Desemba 30, 2003, Bagamoyo, kando ya Bahari ya Hindi. Alikuwa Mgogo wa uwanda wa kati, mahali ambapo maji ni ya kuchimba na bahari ni hadithi. Kijiji chake, Nzali, kiko mkoani Dodoma, mamia ya kilomita kutoka pwani. Umbali huo kati ya alikozaliwa na alikofia unaeleza mengi kuhusu maisha yake, kwa sababu muziki aliokuwa nao ulimtoa nyumbani akiwa kijana na hakurudi tena kuishi huko.

Wasikilizaji wengi wanalijua jina lake. Wengine wanaikumbuka sauti yake: inaanzia chini kama ngurumo, kisha ghafla inaruka juu hadi kuwa nyembamba kama ya mtoto. Wachache wanajua kwamba muziki huo umewashughulisha wataalamu wa vyuo vikuu vya Ulaya, wanaoufananisha na kuutofautisha na muziki wa sauti nyingi wa Renaissance, yaani zama za mwamko wa sanaa Ulaya katika karne ya 15 na 16.

Utoto wa Nzali

Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Ugogo ni nchi kavu. Mvua huja mara moja kwa mwaka, na mwaka isipokuja watu huupa jina. Wazee waliomlea walikuwa wameiona Mtunya, njaa kubwa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, mifugo na vijana. Watu wa nchi ya namna hiyo hawaimbi kwa ajili ya kupitisha muda tu. Wanaimba kuomba mvua, wanaimba jandoni, wanaimba mavuno yakiingia, wanaimba kuagana na waliokufa.

Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa kijiji, na malishoni ndiko kijana wa Kigogo alikopata saa nyingi za kupiga ala bila kusumbuliwa. Baba yake alikuwa mwanamuziki, na mtoto alijifunza kwa kumtazama. Ala zilikuwa mbili hasa. Ya kwanza ni zeze, kibuyu chenye nyuzi kinachopigwa kwa upinde. Ya pili ni ilimba, sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye sanduku hutobolewa tundu linalozibwa kwa utando mwembamba unaotokana na mayai ya buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Anayeisikia ilimba kwa mara ya kwanza hudhani spika imeharibika. Haijaharibika, mvumo huo hutafutwa kwa makusudi.

Sauti ndani ya sauti

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana bila kuelewa jambo hili Zawose anabaki kuwa mzee mmoja tu mwenye njuga miguuni.

Ukipiga uzi wa zeze, unasikia sauti moja. Lakini uzi ule unatetema wote, na papo hapo unatetema kwa nusu zake, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Kila kipande kinatoa sauti yake ndogo ya juu, iliyojificha ndani ya ile kubwa. Wataalamu huzipa namba: uzi mzima ni 1, nusu ni 2, theluthi ni 3. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria aliyefanya kazi Tanzania katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba Wagogo hutunga kwa kutumia sauti hizo hizo za asili, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Mwimbaji wa pili hachagui ovyo. Anaruka sauti moja na kushika inayofuata: mwenzake akiwa kwenye ya 6, yeye yuko kwenye ya 4, mwenzake akipanda ya 7, yeye anapanda ya 5. Wote wanakwenda pamoja, sambamba, kama ng'ombe kwenye njia moja.

Sasa tazama Ulaya. Mwaka 1558 Gioseffo Zarlino alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha nadharia ya muziki. Yeye naye alianza na uzi, akaugawanya, akasema sauti zinazopatana zinatokana na namba 1 hadi 6. Akaishia hapo. Namba 7 aliiacha nje, na muziki wa kwaya za Ulaya kwa jumla umeiacha nje mpaka leo. Wagogo hawakuiacha. Ndiyo maana mtu aliyezoea kinanda cha kanisani husikia noti moja katika wimbo wa Kigogo na kudhani imeshuka kidogo. Kwa sikio la Nzali, kinanda ndicho kilichokosea.

Iko tofauti nyingine. Walimu wa Renaissance waliwakataza wanafunzi wao kuzitembeza sambamba sauti mbili zilizoachana kwa hatua tano; walitaka kila sauti iwe na njia yake. Wagogo wanazipenda sauti zinazotembea pamoja. Mwanakwaya wa Dodoma aliyekulia kwenye ngoma za kijijini, kisha akafundishwa soprano, alto, teno na besi kutoka vitabu vya wamisionari, alibeba sheria mbili kichwani zinazopingana. Huko Nzali kwenyewe, mtaalamu wa Kihispania Polo Vallejo alifanya utafiti wa miaka mingi kuhusu kuimba kwa sauti nyingi, na filamu ikapigwa kijijini hapo. Hakwenda kutafuta mabaki. Alikuta wanawake wakipiga muheme, ngoma ndefu wanazozibana kati ya mapaja, na wanaume wakiimba kwa kuruka sauti, kama kawaida yao.

Mwalimu anamwita

Mwaka 1962, alipohutubia akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Alisikitika kwamba wasomi wa nchi yake walijua kucheza dansi za Wazungu lakini hawakuzijua ngoma za nyumbani. Alitaka urithi huo utafutwe na kurudishwa. Neno Renaissance maana yake ni kuzaliwa upya. Wataliano walitaka kuzifufua Roma na Ugiriki za kale. Tanganyika ilitaka kufufua kitu ambacho, vijijini, kilikuwa hakijafa.

Katika harakati hizo Nyerere alimsikia Zawose na kumwita Dar es Salaam. Mchunga ng'ombe akawa mwanamuziki wa serikali, katika kikundi cha ngoma cha taifa. Aliimba mbele ya wageni wa nchi, akasafiri na kikundi hicho nje ya Tanzania, akaitunga sifa ya taifa jipya kwa lugha na mizani ya Ugogo.

Ulaya wanalijua jambo hili vizuri. Josquin des Prez aliwaimbia watawala wa Milan na Ferrara. Palestrina, mtunzi mkubwa wa Roma, alifukuzwa katika kwaya ya Papa mwaka 1555 kwa sababu alikuwa na mke, na kazi yake haikuwa imepungua ubora hata kidogo. Mwanamuziki wa sauti nyingi alikula mkononi mwa mkubwa, na mkubwa alikuwa na masharti yake. Masharti ya Tanzania yalikuwa ya jukwaa. Ngoma ambayo kijijini huchezwa usiku kucha, watu wakiwa duara, wote wakiimba, ilipaswa kuisha kwa dakika chache, wachezaji wakiwageukia waheshimiwa waliokaa kwenye viti. Halafu ikafuata ngoma ya kabila lingine. Ilitunzwa, ndiyo, lakini ilikatwa ili ienee.

Na wakati Zawose akiimba hivyo, nyumbani mambo yalibadilika kwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dodoma ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Dodoma. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Serikali ilikuwa inaelekea Ugogo wakati sauti maarufu kuliko zote za Ugogo ilikuwa imekwishahamia pwani. Sijui kama kuna aliyeyaona mambo hayo mawili kwa pamoja siku zile.

Bagamoyo na dunia

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981, Zawose akawa mwalimu. Hakufundisha kwa karatasi. Alikuwa akipiga, mwanafunzi akifuata. Venice ilianza kuchapisha nyimbo za sauti nyingi kwa mashine mwaka 1501, kazi ya Ottaviano Petrucci, na tangu hapo Mzungu aliweza kujifunza wimbo wa mtu asiyewahi kumwona. Kwa Zawose kitabu kilikuwa yeye mwenyewe, na hilo lina hatari yake.

Bagamoyo ndiko alikoikuza ilimba. Alitengeneza kubwa zenye ndimi zaidi ya 60, nyingi kuliko vidole viwili vinavyoweza kuzishughulikia. Baadhi hazibonyezwi kabisa. Zimewekwa ili zitikisike zenyewe pale ndimi za jirani zinapolia, yaani sauti inaamsha sauti nyingine bila mkono wa mtu. Ni nadharia ya Wagogo iliyogeuzwa kuwa chombo.

Katikati ya miaka ya 1980 albamu ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza, na Japani nayo ikarekodi kazi zake. Miaka ya 1990, fedha za serikali kwa ajili ya sanaa zikiwa zimepungua baada ya mageuzi ya uchumi, mfadhili mpya alikuwa kampuni ya rekodi. Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, alimchukua katika lebo yake ya Real World, na mwaka 1996 ikatoka Chibite. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huohuo yeye na mpwa wake Charles Zawose walizunguka Amerika Kaskazini wakifungua maonyesho ya Gabriel katika kumbi kubwa.

Kuhusu Assembly maoni yangu ni haya: inasikilizika, lakini mashine za studio zinafunika ule mvumo wa buibui. Chibite, ambayo ni yeye, Charles, zeze, ilimba na vinywa vyao tu, ndiyo ningempa mtu asiyemjua. Hata hivyo, iko kasoro ambayo hakuna rekodi inayoikwepa. Watu wawili wanaweza kuimba ya 6 na ya 4. Hawawezi kuwa kijiji. Msikilizaji wa London aliamini anasikia muziki wa mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu. Kipaji kilikuwepo, lakini mtindo ule haukuwa wa mtu mmoja, na jina lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa moja.

Baada yake

Alipofariki mwishoni mwa 2003, hofu ya wengi ilikuwa kwamba kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Charles, aliyetarajiwa kushika nafasi yake, akafariki mwaka uliofuata. Kwa muda ilionekana kama hesabu imefungwa.

Haikufungwa. Bagamoyo alikuwa ameacha familia kubwa ya watoto na wajukuu waliokua wakimsikia kila siku. Mwanawe Msafiri Zawose aliifuata njia ya ilimba akaichanganya na muziki wa kisasa. Huko uwanda wa kati, Chamwino, tamasha la muziki wa Cigogo limekuwa likikutanisha vikundi vya vijiji, wanawake wa muheme wakiwa mbele, bila kuhitaji mtu kuwaleta pwani.

Wanawake wa ukoo wa Zawose walikuwa kwa miaka mingi waitikiaji. Katika rekodi za mzee sauti zao zipo, nyuma, zikishika zile hatua za kuruka moja na kushika inayofuata. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha kupitia lebo ileile ya Real World. Zeze na ilimba, ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa wanaume, sasa wanazipiga wao. Na ile noti ya 7 iko palepale ilipokuwa.