Dara Shikoh na Makutano ya Bahari Mbili

Je, wanaomtafuta Mola kwa njia ya siri, wa dini hii na dini ile, msingi wao ni mmoja? Wapo wasemao ndiyo, na wapo wauonao usemi huo kuwa kufuru. Mwanamfalme mmoja wa Bara Hindi aliulipia kwa roho yake.

Dara Shikoh alizaliwa mwaka 1615 karibu na Ajmer, mwana mkubwa wa Shah Jahan, mfalme wa Mughal aliyejenga Taj Mahal. Aliingia katika tarika ya Kadiria, hiyo hiyo ijulikanayo sana pwani yetu, akawa muridi wa Mulla Shah, akaandika habari za mawalii.

Hakutosheka. Aliketi na wajuzi wa Kihindu akiwauliza juu ya roho, pumzi na nuru. Mwaka 1655 akatoa kitabu Majma-ul-Bahrain, yaani makutano ya bahari mbili, jina litokalo katika kisa cha Nabii Musa, Suratul-Kahf. Humo aliyapanga maneno ya Masufi na ya Wahindu sambamba, akashikilia kuwa kwa walioifikia haki, tofauti ni ya lafudhi tu. Mwaka 1657, kwa msaada wa wanazuoni wa Benares, akafasiri kwa Kiajemi Upanishad zipatazo 50.

Mwaka huo huo baba yake akaugua, na ndugu wakagombea kiti. Aurangzeb, nduguye mdogo, alimshinda Samugarh mwaka 1658. Mwaka uliofuata Dara alisalitiwa na mtu aliyemkimbilia, akapelekwa Delhi, akahukumiwa kuwa ameritadi, akauawa.

Hapana shaka tamaa ya kiti ilikuwamo katika hukumu ile. Hata hivyo swali labaki. Maneno kushabihiana si dalili kuwa asili ni moja. Dara mwenyewe alizisoma Upanishad kwa jicho la tauhidi, akaziona kuwa zaifafanua Kurani. Basi hata yeye alisimama pwani moja akiitazama ya pili.

Na Suratur-Rahman yatufunza kuwa bahari mbili hukutana, na baina yao pana kizuizi zisichokiruka. Kukutana si kuchanganyika. Aogopaye kuchanganyika asiukimbie mkutano, na apendaye mkutano asikisahau kizuizi.

Dara amezikwa kwenye kaburi la Humayun, Delhi. Tafsiri yake iligeuzwa Kilatini mwaka 1801 na 1802, ikasomwa Ulaya. Shingo ilikatwa, kalamu haikukatika.