Kijana Aliyebisha Hodi kwa Mzee

Tumezoea kuwasifu watu wakuu kwa kazi walizozifanya, tukasahau kuuliza ni nani aliyewashika mkono. Safari hii tunapenda kuwaeleza habari za Bwana William Wilberforce, yule aliyepigana na biashara ya watumwa katika Bunge la Uingereza, na za mzee aliyemlea kiroho, Padre John Newton.

Wilberforce alizaliwa mjini Hull mwaka 1759. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, akapelekwa kukaa kwa ndugu wa baba yake. Huko ndiko alikomfahamu Padre Newton, akampenda kama mzazi. Lakini mama yake aliogopa kwamba mtoto anazama mno katika mambo ya dini, akamrudisha nyumbani. Kijana akakua, na yale aliyofundishwa akayasahau. Mwaka 1780 aliingia Bungeni akiwa na umri wa miaka 21 tu. Alikuwa na mali, ulimi mwepesi na marafiki wakubwa. Mmoja wao, William Pitt, akawa Waziri Mkuu.

Mwaka 1785 moyo wake uligeuka. Aliyaonea aibu maisha yake ya anasa, akawa anafikiri kwamba amtakaye Mungu hana budi kuacha siasa. Katika mashaka hayo alimkumbuka yule mzee. Mwezi wa Desemba alimpelekea barua, akaomba wakutane kwa siri, maana aliogopa maneno ya watu. Siku ilipofika alizungukazunguka nje kwanza, ndipo akapata moyo wa kubisha hodi.

Je, huyo mzee alikuwa nani? Newton mwenyewe alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa. Aliwachukua watu wa Afrika Magharibi katika minyororo, akawavusha bahari kwenda kuuzwa. Aliacha kazi hiyo mwaka 1754, na miaka kumi baadaye akapewa daraja takatifu. Basi aliyajua makosa ya binadamu kwa kuyatenda, wala hakumdharau kijana aliyekuja mlangoni pake.

Newton hakumwambia aache Bunge. Alimshauri abaki palepale, kwa kuwa huenda Mungu amemweka hapo kwa manufaa ya taifa na ya Kanisa. Wilberforce aliondoka na moyo mtulivu. Mwaka 1787 akaishika kazi ya kupinga biashara ya watumwa.

Hapa tutazame jambo moja. Tangu aache bahari, Newton alikuwa amekaa zaidi ya miaka 30 bila kuieleza hadharani aibu ya kazi ile. Mwaka 1788, vita hii ilipokwisha kuanza, aliandika kitabu kidogo na kukiri aliyoyaona na kuyatenda. Baadaye akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Hivyo mzee alimpa kijana njia, na kazi ya kijana ikampa mzee nafasi ya kutubu mbele ya watu.

Vita ilikuwa ndefu. Mwaka 1791 Wilberforce alishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka 1796 alikosa kura 4 tu. Alichoka, akafikiri kujiuzulu. Newton akamwandikia tena, akamkumbusha habari za Danieli aliyemtumikia Mungu katika nyumba ya wafalme. Wilberforce akaendelea. Mwaka 1807 Bunge lilipiga kura 283 dhidi ya 16, na biashara ile ikakatazwa kwa sheria. Newton aliishi kuyaona hayo, akafariki Desemba ya mwaka uleule, akiwa na miaka 82. Wilberforce alifariki Julai 1833, siku tatu baada ya Bunge la Makabwela kupitisha mswada wa kuwaweka huru watumwa katika makoloni ya Uingereza.

Habari hizi zatuhusu na sisi. Wilberforce alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa CMS mwaka 1799, na ndicho chama kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844.

Sasa tujiulize. Wangapi katika vijana wetu wanazunguka nje ya mlango, wakiona haya kubisha? Na sisi wazee, je, mlango wetu u wazi, au tunawakumbusha kwanza makosa yao? Mlezi mwema si yule asiyekosa kamwe, bali ni yule aliyekosa akajifunza, wala hafichi alichojifunza. Wala hamvuti kijana amfuate yeye, bali humsaidia kusimama mahali alipowekwa.

Kijana, mtafute mzee wako. Mzee, usikawie kuitikia hodi. Mungu atujalie sote neema hiyo. Amina.